Usiniambie ni Mwili wa Kurithi

Juzi msomaji mmoja aliona picha zangu mbili, ya zamani na ya sasa, akaniandikia: "Hongera dada, ila wewe umejaliwa. Sisi wengine ni miili ya kurithi, hata tukinywa maji tunanenepa." Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Nakiri, ujumbe huo ulinichoma. Mwaka na miezi minne ya kuamka saa 11 alfajiri, halafu mtu anaita kujaliwa!

Kilichonichoma zaidi ni kwamba maneno hayo ni yangu. Niliyasema miaka mingi tu.

Mimi nina mita 1.62. Siku moja pale Mwenge, nasubiri daladala, nikapanda mizani ya wale vijana wanaokaa kando ya njia. Nilipanda kwa mzaha. Kijana akainama, akasoma, akainuka na kutangaza kama anayenadi nyanya: "Mia na nne! Mama, una mia na nne!" Watu wakageuka. Konda mmoja akadakia, "Huyo siti mbili huyo!" Kicheko kile bado nakisikia. Nikampa kijana mia tano, sikusubiri chenji, nikaita bajaji. Na unajua nilipitia wapi kabla ya kufika nyumbani Sinza? Kwa muuza chipsi. Chipsi mayai, kachumbari nyingi, nikazimaliza humo humo ndani ya bajaji, vidole nikafutia ncha ya mtandio, mfuko nikauacha chini ya siti. Nyumbani nikapakua ugali na wanangu kama mtu aliyeshinda na njaa. "Mama leo foleni ilikuwa mbaya," nikawaambia.

Hapo mwilini nimerithi nini?

Kurithi kupo, sikatai. Mama yangu mnene, shangazi zangu wanene. Lakini dada yangu, tumbo moja, chungu kimoja, ni mwembamba mpaka leo, na nikikumbuka vizuri, yeye hakuwahi kuwa na soda kwenye mkoba. Mimi nilikuwa na mbili kwa siku. Chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko 9 vya chai vya sukari. Mbili ni 18. Weka na chai yangu, vikombe vitatu, vijiko vitatu kila kimoja: 27. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi kama vijiko 12 kwa siku kwa mtu mzima. Hesabu hiyo niliipiga nyuma ya risiti, nikaichana.

Na mtaani nani angenionya? Ukinenepa unaambiwa umenawiri, mume anakutunza. Aliyeniamsha ni nesi aliyenipima presha, akakuta 150 kwa 95, akarudia kupima, akaniuliza taratibu watoto wangu wana umri gani. Hakusema kingine.

Kwanza nilikimbilia njia ya mkato: chai ya kukata tumbo, shilingi 45,000. Nilichokata ni usingizi, maana usiku kucha nilikuwa chooni. Zikaondoka kilo tatu za maji, zikarudi wiki iliyofuata.

Baada ya hapo nikaacha soda. Nikaanza kutembea na jirani yangu alfajiri, Sinza mpaka Mwenge kwa Barabara ya Sam Nujoma, kwenda na kurudi. Ugali ukawa saizi ya ngumi, nusu ya sahani mchicha au matembele. Miezi ya katikati haina cha kusimulia, ni kutembea na kununa.

Kipimo chenyewe cha unene si siri: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, gawanya tena kwa urefu huohuo. Ikifika 30, huo ni unene uliokithiri. Mimi nilikuwa 39.6. Kuna magonjwa na dawa zinazonenepesha, kwa hiyo nenda kapime ujue. Lakini ukishapima na majibu yakaja safi, jamani, mkono unaopeleka chipsi mdomoni ni wa nani? Mume? Shetani? Tuache kusingizia marehemu bibi zetu. Acha soda. Tembea. Ukichoka kutembea, basi angalau acha soda.

Najua nimekuwa mkali. Aliyeniandikia anisamehe, nilikuwa namjibu yule wa kwenye bajaji.

Jumamosi iliyopita nilipita tena Mwenge. Nikatafuta mizani, sijui kama ni kijana yuleyule. Nikavua viatu, nikaweka mkoba chini. 78, sawa na 29.7. Nikabaki nimesimama pale juu, nasubiri atangaze kama siku ile, watu wageuke. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Mia mbili, dada."