Taa Angani, Macho Mtini: Maswali Yenu ya Usiku

Maswali mengi ya safari hii yanafanana: taa imeonekana angani, na usiku uleule, au kesho yake, pakazuka habari ya mnyama wa ajabu.

Saa moja na nusu usiku niliona taa kama ishirini zikifuatana kimya juu ya ziwa. Asubuhi wavuvi wakasema Lukwata, yule dubwana wa ziwani, ameamka. Je, yana uhusiano? (Kalangala)

Taa zinazofuatana kama shanga ni setilaiti za intaneti za Starlink, ambazo zimekuwa zikirushwa kwa makundi tangu Mei 2019. Siku za mwanzo huwa bado zimesongamana. Hazina taa zake, zinaakisi jua lililokwisha kutuchwea sisi, na kwa sababu hiyo saa ndiyo kipimo chake. Hapa kwenye ikweta jua hushuka takriban nyuzi 15 kwa saa. Setilaiti iliyo juu kilomita 550 ikipita utosini hufifia kivulini jua likifika nyuzi 23 chini ya upeo, yaani kama saa moja na nusu baada ya jua kuchwa. Jua likizama saa moja kasoro robo, mwisho wake utosini ni saa mbili na robo. Upande wa magharibi, chini, huonekana baadaye kidogo. Alfajiri geuza hesabu utazame mashariki. Anayesema msururu huo ulimpitia utosini saa sita usiku, ameona kitu kingine.

Kama taa hazikusogea na zilikuwa chini, fikiria mitumbwi ya wavuvi wa mukene (dagaa). Wavuvi hutoka nyakati za giza, mwezi usipokuwepo, na mstari wa maji usipoonekana kila taa huelea hewani. Simika fito mbili, uzilenge na taa moja, kisha urudi baada ya dakika 10: nyota itakuwa imehama nyuzi mbili na nusu hivi, mtumbwi uliotia nanga utakuwa palepale.

Lukwata yumo katika masimulizi ya Nalubaale (Ziwa Victoria) tangu kabla ya roketi ya kwanza. Msimbebeshe mzigo wa Starlink.

Mbona Marekani UFO (vitu vya angani visivyotambulika) na mazimwi huja pamoja? (Jinja)

Kwa sababu mwanga huwapeleka watu gizani wakiwa tayari na hofu. Tarehe 12 Septemba 1952, huko Flatwoods, West Virginia, watoto waliona mpira wa moto ukishuka nyuma ya kilima. Wakapanda na watu wengine kuutafuta, wakamulika tochi, wakaona kitu kirefu chenye macho ya kung'aa kikitoa sauti ya kufoka. Mpira ule ulikuwa kimondo kilichoonekana jioni hiyo katika majimbo kadhaa, kwa hiyo hakikutua kilimani kwao. Kuhusu lile jitu, maelezo yenye nguvu kuliko yote ni bundi mwenye uso mweupe aliyekaa tawini, na majani ya chini yake yakaonekana kama kiwiliwili.

Point Pleasant, jimbo lilelile, habari za mtu mwenye mabawa na macho mekundu zilianza 15 Novemba 1966, zikichanganyika na za taa angani. Mwaka mmoja na mwezi baadaye Daraja la Silver lilianguka, watu 46 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa katika chuma kimoja cha kubeba daraja. Hata hivyo, katika masimulizi ya watu mambo yote matatu yakafungwa kitita kimoja.

Mwanga ulipita, tukamulika mti: macho mekundu, na sauti kama ya mtoto analia. (Bundibugyo)

Anza na komba. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, na sauti yake ndiyo hiyo mliyosikia. Kama ni ukelele unaopanda kwa hatua hadi ukawa mayowe, mdhanie perere, yaani pimbi wa mtini. Jaribuni hivi: shusha tochi kutoka usawa wa macho hadi kiunoni, bado ukimlenga. Macho yakififia, yanaakisi tu.

Ukubwa usikisiwe usiku. Nyoosha mkono: kidole cha mwisho hufunika takriban nyuzi moja, ambayo ni sentimita 35 kwa umbali wa mita 20. Mchana rudi na futi kamba upime umbali wenyewe. Majitu mengi huzaliwa hapo: komba aliye umbali wa mita 10 ukidhani yuko mita 50, umemkuza mara tano.

Mbuzi wetu amekutwa amekufa, damu imenyonywa yote. (Masaka)

Haikunyonywa. Mnyama akifa damu hushuka upande wa chini na kuganda. Majeraha ya shingo mara nyingi ni ya mbwa. Ila usimpasue kuhakikisha: kama ni ugonjwa wa kimeta, kupasua ndiko kunakosambaza vimelea. Mwite afisa mifugo. Nyayo zipige picha ukiweka rula kando, jua likiwa chini. Mguu wa nyuma ukikanyaga alama ya ule wa mbele hutoka unyayo mmoja mrefu wa kutisha.

Niandike nini nikiona? (Arua)

Kurasa mbili. Wa kwanza ni wa mwanga: saa, upande, urefu juu ya upeo kwa ngumi (ngumi ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi 10), na ulidumu sekunde ngapi. Wa pili ni wa mnyama: umbali uliopimwa, sauti, alikokaa, nani alishika tochi. Kila shahidi aandike peke yake kabla hawajazungumza, na usimchoree mtu picha. Kurasa hizo msizilinganishe mpaka zote mbili zimejaa.