Kabla hujaiamini namba ya presha ya fuvu, uliza sifuri yake

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa vifaa tiba huku Kigoma, nianze na usiku mmoja nilipokuwa mafunzoni Dar es Salaam. Kijana wa ajali ya bodaboda, presha ya ndani ya fuvu imeruka kutoka milimita 14 za zebaki hadi 25. Kwa mtu mzima aliyelala, kawaida ni 7 hadi 15. Ikizidi 22 na kubaki huko, matibabu huanza. Dawa ilikuwa imeshaagizwa. Muuguzi akamulika macho: mboni zote sawa, na kijana anajibu vilevile. Kumbe kitanda kilikuwa kimeinuliwa, kipimo kikaachwa chini kwa sentimita 15. Maji ya urefu huo kwenye mpira unaotoka kichwani hadi kwenye kipimo ni milimita 11 za zebaki. Tulipokirudisha usawa wa tundu la sikio, ambapo ndipo sifuri yake, yaani pa kuanzia kuhesabu, tukasoma 14.

Vihisi visivyo na waya vinaondoa mpira huo, na kidonda chake kinachoweza kupitisha vijidudu. Kihisi hukaa chini ya ngozi ya kichwa, aina nyingi hazina betri. Ukisogeza kisomaji juu ya ngozi ndipo kinapata nguvu na kutoa jibu. Kwa mtoto wa kichwa kikubwa mwenye shanti, yaani mrija wa kutoa maji ya ziada kichwani, anayesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni kwenda Dar kuchunguzwa, natamani kifaa hiki kifike hata kesho.

Ila sifuri haijaondoka, imehamia hewani. Kihisi kimezibwa, kwa hiyo hupima presha yote, pamoja na uzito wa hewa. Kisomaji ndicho huipima hewa kwa barometa yake na kuitoa. Sasa sisi tupo zaidi ya mita 770 juu ya bahari: hewa yetu ni pungufu ya ile ya Dar kwa zaidi ya milimita 60 za zebaki. Barometa ikikosea hata sehemu ndogo ya hizo, unaweza kumpeleka asiyeumwa chumba cha upasuaji, au kumrudisha Ujiji mtoto anayekufa.

Kwa hiyo ihakikini barometa mara kwa mara. Mkipiga simu kituo cha hali ya hewa pale uwanja wa ndege, ombeni presha halisi ya kituo, mkumbuke na tofauti ya mwinuko kati ya pale na wodini. Ile iliyorekebishwa hadi usawa wa bahari itasoma karibu hektopaskali 1,013 (kizio chao cha presha ya hewa). Yetu haifiki hata 940.