Maswali na majibu: mswada, mkataba na mrabaha

*Nina sura tatu za riwaya. Nianze kutafuta mchapishaji?*

Hapana. Andika hadi sura ya mwisho kwanza. Swali hili halikauki, na nyuma yake huja lile la rangi ya jalada! Mhariri akizipenda sura za mwanzo ataomba zilizobaki, na wewe huna.

*Nikiutuma mswada, si wataniibia hadithi?*

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, bila kusajili, katika nchi zote zilizoridhia Mkataba wa Berne wa 1886. Kinacholindwa ni maandishi yako. Wazo la mapacha waliotenganishwa utotoni halina mwenyewe. Hifadhi rasimu zenye tarehe, basi. Waandishi wapya wanaogopa wezi wa hadithi, kisha wanatia saini mkataba ambao hawajausoma.

*Mchapishaji ameisifu kazi yangu, ila anataka nichangie gharama. Nikubali?*

Usikubali. Mchapishaji huweka fedha zake, ndiyo maana huhangaika kuuza. Anayelipwa na mwandishi amekwisha kupata faida yake kabla ya nakala ya kwanza kununuliwa. Maboksi yatarundikana chumbani kwako, si kwake. Ukitaka kujigharamia, jichapishie mwenyewe waziwazi: mhariri, msanifu wa jalada na mpiga chapa, kila mmoja na ankara yake, haki zote zibaki kwako, na uanze na nakala chache.

Hata asiyekudai kitu, soma mkataba wake. Mrabaha ni fungu lako kwa kila nakala inayouzwa; asilimia 10 ni ya nini? Tuseme bei ya jaladani ni 100 na duka linakata 40. Mrabaha wa bei ya jaladani ni 10. Wa mapato halisi, yaani 60 zinazobaki duka likishakata, ni 6. Kisha tafuta kifungu cha kurejeshewa haki: kisipokuwepo, kitabu kinaweza kuisha madukani na wewe usiweze kukipeleka kwingine. Haki za filamu, tafsiri na kitabu cha sauti nazo hujipenyeza humohumo katika sentensi moja. Zifute, au zidai asilimia zake.

*Nimekataliwa mara nyingi bila kuelezwa sababu. Tatizo ni nini?*

Sijauona mswada, lakini fungua ukurasa wa kwanza. Mhusika anaamka, anajitazama kwenye kioo, anatueleza sura yake? Kata mpaka pale jambo linapoharibika. Kisha angalia mazungumzo. “‘Umechelewa,’ alisema kwa hasira huku akikunja uso”: hasira imetajwa mara mbili, na hakuna aliyeiona. Mwache asogeze sahani ya mwenzake hadi ukingoni mwa meza, asiseme neno. Usomaji wa mwisho uwe kwa sauti; ulimi hujikwaa pale jicho linapopita. Na muhtasari unaoutuma useme hadithi inaishaje. Mhariri si msomaji wa kufichwa mwisho.

*Riwaya iwe na maneno mangapi?*

Ya watu wazima, 60,000 hadi 100,000 ni salama. Hadithi fupi iliyovutwa ifike huko hujulikana mapema.

*ISBN moja inatosha kwa kitabu cha karatasi na cha kielektroniki?*

Haitoshi. ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu: kila umbo lina yake, ya tarakimu 13, na toleo lililofanyiwa mabadiliko makubwa huhitaji nyingine. Nayo haithibitishi hakimiliki, kwa hiyo acheni kuniuliza kama “inakinga” kitabu. Ukipewa ya bure, angalia kwanza imesajiliwa kwa jina la mchapishaji gani.