Si Uvivu, Dada Yangu

Juzi usiku nilipokea ujumbe ulioninyima usingizi. Dada mmoja ananiandikia kwamba mumewe aliumia kichwa vibaya ajalini, na sasa ni miezi 14 tangu atoke hospitali. Anatembea, anaongea, kovu limekauka. "Lakini anashinda kitini tangu asubuhi hadi jioni. Nikimwambia aoge, anaoga. Nisipomwambia, haogi. Ndugu zake wanasema nimemdekeza. Kaka, huu si uvivu?"

Si uvivu, dada yangu. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu neno hilo liliniumiza mimi kuliko pikipiki iliyonigonga.

Miaka 9 iliyopita nilifikishwa hospitali sijitambui. Kuna kipimo cha fahamu kiitwacho Glasgow, ambacho madaktari wanakitumia tangu 1974. Juu kabisa ni 15, chini kabisa ni 3, na kuanzia 8 kushuka jeraha linahesabiwa kuwa kali. Mimi nilikuwa na 6. Siku 11 sikufumbua macho. Ya wodini na ya kujifunza kutembea upya nayaruka, maana mengi nimesimuliwa tu.

Njoo nikuoneshe asubuhi moja, mwaka wa kwanza nikiwa nyumbani. Nimesimama mbele ya sinki. Mkono wa kulia una mswaki, wa kushoto una dawa ya meno, kifuniko nimeshakifungua. Kinachofuata nakijua, ungeniuliza ningekueleza hatua zote. Ila mkono hauendi. Maji yanatiririka, miguu inakufa ganzi, na moyoni sina hata wasiwasi kwamba nimekwama. Mke wangu akapita mlangoni, akaniona, akasema, "Paka dawa." Nikapaka. Nikapiga mswaki mpaka mwisho, vizuri kabisa.

Sehemu ya mbele ya ubongo, hapo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusukuma kuanza jambo. Ikiumia, mtu anaweza kuwa na nguvu, na akili ya kuelewa, hata nia ya kupona, asiweze kuanza. Ni gari zima lililokufa stata: likisukumwa linawaka na safari inaendelea.

Mtu wa karibu nami, simtaji, alisema mbele ya watoto wangu kwamba nimezoea kulelewa. Nilimwamini mwaka mzima. Bado inaniuma, sitaficha.

Kilichonitoa pale ni daftari. Jioni mke wangu na mimi tuliandika kesho yote, saa hii jambo hili, saa ile lile, hata kuoga. Kengele ya simu ikilia saa ya jambo, nasoma mstari, nafanya. Siku za kwanza nililia kwa aibu. Wiki iliyopita nimetimiza miezi 6 kazini. Ni nusu siku, ndiyo, lakini ule mshahara ni wangu na nimeutolea jasho.

Daftari linakwenda na kupumzika. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Ulioumia unachoka upesi zaidi, na uchovu wenyewe haufanani na wa misuli. Saa 6 mchana najilaza gizani hata kama najisikia mzima. Nikingoja mpaka nichoke nimeshachelewa: maneno yananipotea, kelele ndogo inanichoma, nawafokea wasio na kosa. Kwa hiyo andika, pumzika, andika tena.

Huenda umesikia habari za Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli kule Marekani, ambaye mwaka 1848 nondo ya chuma ilimpenya fuvu, ikaharibu hiyohiyo sehemu ya mbele ya ubongo. Wengi wanaishia pale rafiki zake waliposema huyu si Gage tena. Hawasemi kwamba baadaye alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa. Kazi yenye ratiba ya kila siku. Mimi nusu hiyo ya pili ndiyo niliyoishikilia.

Nanyi ndugu wa mgonjwa, acheni kumpima kwa kovu. Kovu ni la ngozi. Mnapomwita mvivu mnamnyang'anya hata ule msukumo mdogo anaoupata kwenu. Kama hamuwezi kusaidia, basi nyamazeni, mkewe afanye kazi yake kwa amani.

Jambo moja usilikawize: mpeleke kwa daktari umweleze haya ya kukaa kitini, kwa sababu hata sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huja baada ya jeraha la kichwa na kwa nje huweza kufanana na hali hii, nayo ina tiba yake. Akianza ghafla kusinzia kupita kawaida, kutapika au kuumwa kichwa sana, hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Kama anameza dawa za kifafa, asiziache kwa kujiamulia.

Kesho asubuhi usimuulize, "Leo unataka kufanya nini?" Swali hilo ni zito mno kwake. Mpe kitambaa mkononi, mwambie, "Tuanze na meza." Kisha uniandikie alifika wapi.