Kabla hujavunja ukuta wa bafu, tafuta ndoo

Nyumba ya mama ipo Ngamiani, hapa Tanga. Babu aliijenga miaka ya 1950, na mabomba yake mengi bado ni yale yale ya chuma aliyoyaweka yeye. Mama ana goti bovu, hawezi kuinama kwenye ndoo kuchota maji kwa kata, kwa hiyo bomba la mvua kwake ni haja ya kila siku. Mwaka jana likaanza kufifia. Kwanza maji yakawa membamba, halafu yakawa yanadondoka, mpaka siku moja akaniita kwa sauti kutoka bafuni, povu kichwani: "Mwanangu, niletee maji ya jagi nijisuuze."

Fundi wa kwanza niliyemwita hakupima kitu. Aliangalia, akasema tatizo lipo ndani ya ukuta, akabandua vigae sita, akabadilisha kipande cha bomba kilichokuwa mbele ya macho yake, akalipwa, akaondoka. Wiki haikuisha maji yakarudi kudondoka. Vigae vile vya zamani sikuvipata tena dukani.

Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Makorora, fundi wa siku nyingi. Nilimwamkia, nikaanza kumwonyesha ukuta. Akanikatiza: "Ukuta acha kwanza, mwanangu. Nipe ndoo ya lita 10 na simu yako yenye saa."

Tukafungua bomba la sinki: ndoo ikajaa kwa dakika moja. Tukafungua kichwa cha bomba la mvua, tukakinga maji yakitoka kwenye bomba tupu: dakika tisa. Vipimo hivyo viwili vilinifundisha kuliko vigae sita vilivyovunjwa. Sinki likiwa zima, basi tangi halina neno, wala bomba kubwa linaloshuka kutoka tangini. Na maji yakiwa dhaifu hata bila kichwa, basi kichwa peke yake si mkosaji. Ubaya upo kati ya hapo bomba linapoingia bafuni na pale ukutani maji yanapotokea. Kwetu ni kama mita sita, na sasa tulikuwa tunajua pa kutafuta.

Kichwa nacho kilikuwa na ugonjwa wake. Sisi tunachanganya maji ya mgao na ya kisima, na visima vya huku vina chokaa. Atakayeshangaa akumbuke tu kwamba mapango ya Amboni yamechimbwa na maji kwenye mawe ya chokaa hiyo hiyo. Matundu yalikuwa yamezibwa na ukoko mweupe. Nilikilaza usiku kucha kwenye bakuli la siki, asubuhi nikakisugua kwa mswaki mkuukuu, kikafunguka. Kazi hiyo haina gharama. Ianze wewe mwenyewe kabla ya kumwita mtu yeyote.

Tukaja kwenye koki. Ilikuwa ile ya kuzungusha gurudumu, ambayo ndani yake kuna kibao kinachopanda na kushuka. Zikizeeka, kibao huachana na msumari wake: unazungusha gurudumu, unaamini umefungua, kumbe kibao kimekaa chini kimeziba njia. Yetu ilikuwa imekwama nusu. Mzee akaitoa, akaweka koki ya mpini, ile ambayo kwa robo mzunguko tu imefunguka yote. Ndoo ikashuka mpaka dakika sita. Nafuu, lakini bado.

Ndipo akakata elbo ya kwanza, kile kiungio cha kona, akaniwekea mkononi. Kwa nje ni bomba la nusu inchi kama mengine. Kwa ndani kutu ilikuwa imejijenga tabaka juu ya tabaka, kahawia na nyeusi, na katikati kumebaki kitundu ambacho penseli haikupita. Nilijaribu. Kwenye tredi, ile mikato ya kufungia bomba kwa kuzungusha, bado kulikuwa na nyuzi za katani zilizofungwa na fundi wa enzi za babu, ngumu, hazijaoza. Mzee akanieleza kwa nini elbo hufa kwanza: ukikata tredi unaondoa ile zinki inayolinda chuma, na ukuta wa bomba unakuwa mwembamba pale pale, kwa hiyo kutu inaanzia kwenye maungio.

Nikamwuliza, je, hatuwezi kuzibua? Tulijaribu. Tulitenga bomba la tangi ili uchafu usirudi humo, tukafunga mpira wa pampu upande wa bafuni, tukasukuma maji kinyumenyume kwa nguvu ndogo. Yalitoka mekundu kama maji ya ukwaju, na magamba ya kutu yakitapakaa sakafuni. Ndoo ikawa dakika nne. Nilifurahi. Baada ya wiki mbili ikarudi sita, maana magamba yaliyolegea yalisafiri yakakwama kwenye elbo inayofuata. Kwa hiyo kusukuma kinyumenyume kunakupa muda wa kutafuta pesa, basi. Na usitumie kompresa: chuma kilicholiwa namna ile kinapasuka ndani ya ukuta.

Watu watakushauri umimine asidi. Tafadhali, usifanye hivyo. Asidi haichagui kati ya kutu na kile chuma chembamba kilichobaki, na ikikutana na dawa ya klorini ya kusafishia choo inatoa hewa ya sumu katika bafu lisilo na dirisha la maana.

Tulibadilisha mita zote sita kwa PPR, yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto wa nyuzi 260. Hapa sikiliza vizuri, maana wengi wanaibiwa bila kujua. Dukani utaambiwa badala ya nusu inchi ni PPR ya milimita 20. Kipimo hicho ni cha nje. Kuta zake ni nene, na ile ya daraja la presha la PN20 ndani inabaki milimita 13 hivi, wakati bomba la chuma la nusu inchi likiwa jipya lina 16 hivi. Nunua ya milimita 25, ambayo ndani ina 16 na ushei. Kwa mwenye pampu tofauti ni ndogo, lakini sisi wa tangi la juu tunategemea kimo. Mita 10 za kimo ndizo zinazotoa presha ya baa moja, na kutoka kitako cha tangi letu mpaka kichwa cha bomba la mvua ni mita moja na nusu tu. Hapo kila milimita ina thamani.

Jambo jingine ambalo fundi bomba anaweza asikutajie: katika nyumba nyingine za zamani waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Ukiweka plastiki katikati, njia ile imekatika, na kama una bomba la mvua la kuchemsha kwa umeme, unaoga kwenye hatari. Mwite fundi umeme akague ethi kabla mtu hajaingia kuoga. Kwetu waya tuliukuta kweli, umefungwa kwa kibanio nyuma ya jiko, tukachimbia nondo mpya ya ethi.

Bomba jipya tumelipitisha nje ya ukuta, isipokuwa sentimita 80 za mwisho. Nilizipiga picha kabla ya kuzifukia, na nimeandika kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo: sentimita 40 kutoka kona, linapanda wima. Ndoo sasa inajaa kwa dakika moja na sekunde arobaini, na jagi la mama limerudi jikoni.