Kabla Hujamfuga Mwewe, Nunua Mizani

Tangu nirudi Mafinga haipiti wiki bila kijana kuniuliza: "Kaka, ule mchezo wa Waarabu wa kuwinda kwa kozi, hapa hauwezekani? Si mwewe wapo tele?" Wameona kwenye simu kozi, ndege wa kuwinda, anachomoka mkononi mwa mtu na kushuka na windo. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Nilitunza kozi Abu Dhabi misimu mitatu. Nilidhani nitaanza na glavu, au ile kofia ndogo ya ngozi ya kumfunika macho, wenyewe wanaiita burka. Nikakabidhiwa mizani. Kila alfajiri kozi anapimwa kabla hajala, gramu zinaandikwa daftarini. Harudi kwako kwa sababu anakupenda. Anarudi kwa kuwa ana njaa ya kiasi na anajua nyama iko wapi. Akishiba, wewe na kisiki ni mamoja. Akikonda sana, hana nguvu ya kufukuza chochote.

Jike niliyekuwa naye aliwinda vizuri akiwa na gramu 980. Jioni moja nikamwonea huruma, nikamwongezea kware. Asubuhi mizani ikasoma 1,020 nami nikanyamaza. Alipovuliwa burka akajikung'uta, akaruka, akazunguka juu yetu mara mbili, akashika upepo, akaenda zake. Tulimfuatilia kwa kile kifaa cha redio alichofungwa mkiani mpaka saa kumi jioni. Maneno niliyoambiwa siku hiyo siyaandiki hapa.

Kazi nyingine ni kuchungulia uchafu, na hii vijana hawapendi kuisikia. Asubuhi kozi hutema kidonge cha manyoya na mabaki ambayo tumbo limeshindwa kuyasaga. Kabla hajakitema, humlishi. Ukikiokota, unakinusa, maana kikinuka vibaya kuna shida tumboni. Kinyesi kizuri ni cheupe chenye doa jeusi. Kikigeuka kijani, unamuwahisha kwa daktari. Kule kozi ana hospitali yake, ana pasipoti yake, na joto likizidi analala kwenye kiyoyozi. Pasipoti yangu mimi ilikuwa kabatini kwa bosi, na chumba chetu kilikuwa na feni.

Sasa huku nyumbani. Mwaka jana watoto wa jirani waliniletea kinda la mwewe walilolitoa juu ya mkaratusi. Kwa wiki kadhaa walikuwa wamelilisha steki tupu, tena kwa upendo kabisa, wao wenyewe wakila maharage. Miguu ilikuwa imepinda, haliwezi kusimama. Ndege wa aina hii anakula panya mzima, mifupa na manyoya yake. Nyama tupu haina madini ya chokaa ya kutosha kujenga mifupa. Halikupona.

Na ndege wa porini si wako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata bila kibali. Ukikuta kinda limeanguka na halijaumia, lirudishe mtini, mama yake yuko karibu anakuangalia. Likiwa limeumia, mwite ofisa wanyamapori. Isitoshe, mwewe mnayemtaka ni mwokotaji: mizoga, panya, kumbikumbi, na vifaranga vya mama yako. Hata angefundishwa, sungura angewacheka wote wawili.

Anayeitaka kazi yenyewe aende Uarabuni na mkataba aliousoma mpaka mwisho, na aanze kujizoeza kuamka saa kumi usiku.

Mwenye hamu ya kutazama tu, apande Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kati ya Novemba na Aprili. Vipanga wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia huwa wameshafika, wanateleza juu ya majani wakitafuta panya na panzi. Ukibahatika utamwona na tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, akitembea taratibu kwenye maua. Huyo ni ukoo mmoja na hubara, windo lile lile ambalo kozi wa Waarabu hufundishwa kulifukuza. Mimi nilikaa pale asubuhi nzima bila glavu. Beba sweta zito, kule juu kuna baridi.