Mwanangu, anza na lile lililobakiza upindo

Mwanangu,

Barua yako imefika. Unasema umefungua sanduku ukakuta mablanketi tisa ya viraka na hakuna hata moja lililokwisha. Manne yana uso ulioungwa ukakamilika, lakini pamba na bitana havijaingia. Moja limebaki kwenye fremu ya duara likiwa nusu ya kudariziwa, yaani kushonwa tabaka zote tatu pamoja, moja limebakiza upindo tu, moja lina miraba isiyolingana, moja ni la vipande vya pembesita vyenye karatasi nyuma ya kushikilia umbo, na la mwisho ni la magauni ya marehemu bibi yako, ambalo umesema hata kuligusa huwezi. Unaniuliza uanze na lipi, kama si afadhali uyagawe yote upumue, na kama ni vibaya kuanza jipya la mtoto wa rafiki yako hali haya yamelala. Nitakujibu kifundi. Ya kubembelezwa utayapata kwa mama yako.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kalitoe lile lililo kwenye fremu. Fremu ikibana kitambaa muda mrefu huacha duara ambalo halikubali kunyooka, na vumbi hukaa papo hapo kwenye mkunjo. Kagua na pini zote zilizosahauliwa ndani, maana pini iliyoshika kutu huacha doa la kahawia linalokataa kutoka. Halafu jambo moja ambalo wengi huligundua wamechelewa: kama ulichora mistari kwa ile kalamu ya buluu inayofutika kwa maji, usithubutu kupitisha pasi juu yake. Moto huugandisha wino, na alama uliyoiweka kwa muda ikawa ya kudumu. Futa kwanza kwa maji baridi, kiache kitambaa kikauke, hakikisha haijarudi, ndipo uwashe pasi.

Sasa suala la kuanza na lipi. Umependekeza uanze na la zamani kuliko yote, kwa kuwa limekungoja zaidi. Hapana. Blanketi halina kinyongo. Anza na lililobakiza upindo, ulimalize wiki hii, lilale kitandani kwa mtu. Kata tepe za upana wa sentimita 6, ziunge kwa mshazari, zikunje katikati kwa urefu, shona upande wa mbele kwa cherehani na umalizie nyuma kwa mkono. Hanamu, yaani tepe iliyokatwa mshazari wa kitambaa ili ivutike, huihitaji, kingo zako zimenyooka. Hanamu ni ya kingo za mviringo. Blanketi la sentimita 150 kwa 200 lina mzunguko wa mita 7, ongeza kama sentimita 30 za pembe na maungio. Ukikata kwenye kitambaa cha upana wa sentimita 110, tepe nane zitakutosha, yaani nusu mita ya kitambaa. Kazi ndogo hivyo ndiyo iliyolifungia blanketi zima sandukuni.

Baada ya hapo tandaza mengine yote, na badala ya kuuliza lipi ni zuri, uliza kila moja lilikwama wapi. Ukisoma barua yako mwenyewe utaliona: manne kati ya tisa yamekwama mlango mmoja, pale uso unapotakiwa kukutana na pamba na bitana. Usijiite mvivu, mvivu haungi nyuso nne. Unapenda kukata na kupanga rangi, hupendi kutambaa sakafuni na pini mdomoni. Basi tatizo lako ni hatua moja, na hatua moja hutatuliwa kwa kuifanyia siku yake. Usilichukue blanketi moja ukalipeleka mpaka mwisho. Chukua yote manne uyapange tabaka kwa mkupuo, ukiwa na meza iliyoandaliwa na mgongo uliojiandaa.

Nimesema meza. Sakafu waachie wenye magoti mapya. Unga meza mbili, tandaza bitana upande mzuri ukitazama chini, nayo iwe imezidi uso kwa kama sentimita 8 kila upande. Ivute ikae sawa, isilegee wala isikakamae. Ukiivuta kupita kiasi itarudi baadaye na kukukunjia kazi yote kwa nyuma. Bana kingo kwa klipu kwenye ukingo wa meza. Pamba uitoe kwenye pakiti tangu jana yake ili mikunjo ilegee, uitandaze na kuipapasa kutoka katikati kwenda nje. Kisha uso, upande mzuri juu. Hapo usiwe na haraka. Angalia mistari ya mishono kama imenyooka kwa jicho kutoka kila upande wa meza, maana ukishabana umebana. Pini za kufunga zianzie katikati, kila moja umbali wa ngumi kutoka kwa mwenzake, na zikwepe pale utakapopitisha cherehani. Kama utadarizi kwa mkono, ni heri upige bandi ndefu, mishono ya muda, kwa uzi mweupe. Uzi wa rangi huweza kuacha nyuzinyuzi au rangi kwenye matundu ya sindano, na hakuna fundi atakayekutolea. Ukimaliza, kunja bitana iliyozidi ije juu ya kingo za pamba uishikize, pamba isikwaruzike wakati unageuzageuza.

Soma maandishi kwenye pakiti ya pamba. Yatakuambia mishono isiachane zaidi ya umbali gani. Nyingine haziruhusu kuzidi sentimita 10, nyingine zinafika 20 na kuendelea. Ukipuuza, baada ya kufua mara kadhaa pamba itajikusanya mabonge. Na kwa haya manne, piga mistari iliyonyooka tu. Najua umeona maua na manyoya kwenye kazi za watu. Maua ndiyo yaliyokuweka hapo ulipo, ukingoja siku utakayokuwa hodari wa kuyashona.

Uzi ule uliokaa na kazi hizo usiuamini. Kata kipande, ukivute kwa vidole viwili: ukikatika bila kubisha, tupa koili nzima. Vitambaa vyekundu na vya buluu iliyokolea vijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Bana pamoja kwa dakika chache uone kama rangi inahama. Ni afadhali ujue sasa kuliko siku ya kufua.

La miraba isiyolingana si kwamba ulikata vibaya. Uliishona kwa vipindi mbalimbali, na kila kipindi robo inchi yako ya mshono, ile nafasi kati ya mshono na ukingo wa kitambaa, ilikuwa na ukubwa wake. Kosa la milimita moja kila upande ni milimita 2 kwa mraba, na miraba kumi ikisimama mstari mmoja ni sentimita 2, ndiyo maana pembe hazikutani. Usifumue. Pima yote, tafuta ule mdogo kuliko yote, na kama tofauti ni ndogo punguza mingine iufuate. Kama ni kubwa, ile midogo izungushie ukanda mwembamba wa rangi moja, kisha yote ikatwe kipimo kimoja. Watu watakusifu kwa ubunifu, nawe nyamaza.

Kuhusu kuyagawa yote, sikubaliani, lakini si kwamba kila kilichoanzwa lazima kimalizwe. Katika hayo manne lipo moja ambalo umeliandikia mistari mitatu ya kulalamikia rangi zake. Hilo lipunguze liwe la mtoto, au toa foronya mbili za mito, au mpe mtu mwingine vile lilivyo. Tahadhari ni moja: mpe aliyeomba, na uweke pamoja vipande vilivyobaki, kipimo, na mchoro wake. Kumpa mtu kazi nusu ambayo hakuiomba ni kumhamishia deni.

Miaka yangu yote ya cherehani, nguo za wateja hazikulala, na haikuwa kwa sababu ya nidhamu yangu. Mteja alikuwa anarudi Ijumaa. Mablanketi yako hayana anayerudi Ijumaa. Yatafutie. Kila moja libandike kikaratasi chenye jina la atakayelala nalo, na umwambie mwenyewe. Ukishindwa kufikiria jina hata moja, hapo ndipo ujue ni la kugawa.

Lile la bibi yako nimeliacha mwisho makusudi. Mwaka 1942, huko Gee's Bend, Alabama, mama mmoja aitwaye Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mume, alichukua nguo za kazi za marehemu zilizochakaa akaziunga blanketi la kujifunika kwa kumkumbuka. Rangi zake zilipauka kwa jua na jasho, mishono haikujali rula, na baadaye blanketi hilo likaonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Marekani. Yeye alishona mara tu baada ya msiba. Wewe hukuweza, na si lazima uweze sasa. Lakini kitambaa kisiteseke wakati unangoja: toa magauni kwenye mfuko wa plastiki, yafunge kwa shuka safi la pamba, na uyakunje upya mara kwa mara mkunjo usikae pale pale, maana kitambaa huchoka na kupauka kwenye mkunjo. Siku utakapolirudia, utaona magauni yale yana uzito tofauti, mengine yanavutika. Nyuma ya yale mepesi gandisha kwa pasi kitambaa chembamba cha gundi kabla ya kukata. Na usiyakate yote. Acha moja zima, lenye vifungo vyake.

La pembesita lisikusumbue. Hiyo ni kazi ya safarini na ya kungoja foleni, haina tarehe. Uangalie tu usitoe karatasi ya kipande mpaka kiwe kimezungukwa na wenzake pande zote sita. Uingereza zamani walitumia barua kuukuu na kurasa za daftari, na zile kazi zilizobaki na karatasi zake ndani huwasaidia watafiti kukisia zilishonwa lini. Kwa hiyo zako ukiziandika tarehe kwa penseli hutakuwa umepoteza kitu.

Na jipya la mtoto, lianze. Mtoto ana tarehe ya kuzaliwa, huyo ndiye mteja wa Ijumaa ninayemsema. Liwe dogo, mita moja kwa mita moja inatosha, na siku ile ile unayokata viraka kata na bitana, kata na tepe za upindo, uviweke vyote mfuko mmoja na pamba yake. Likifika mlango ule unaokukwamisha, lipange tabaka siku moja na yale manne, meza itakuwa tayari imesimama.

Nitumie picha ukimaliza kubana pini. Piga na upande wa nyuma, ndio ninaotaka kuuona.

Baba yako